Salamu ya Inspekta wa Nta

Emilian ni fundi baiskeli hapa Unyambwa, na kibanda chake kimepakana na meza yangu ya mafuta ya alizeti. Kwa miaka kumi na moja nimemtazama yeye kuliko ninavyomtazama mume wangu, maana mume wangu ni dereva wa lori na Emilian hana pa kwenda. Ni mtu mrefu, mkimya, na ana kigugumizi. Neno likimkwama linamkwama kweli: mdomo unafunguka, unakaa, kidevu kinatetemeka, na wewe unayesubiri unaanza kuona aibu isiyo yako.

Fundi baiskeli anaweza kuishi bila kusema sana. Mteja anaeleza, fundi anatikisa kichwa. Lakini kwetu hakuna anayeishi bila kusalimia, na mtu mzima hasalimiwi kwa kutikisiwa kichwa kama mbuzi. Katika maneno yote ya Kiswahili, linalomshinda Emilian kuliko yote ni shikamoo. Akiona mzee anakuja, huinama chini ya baiskeli kutafuta kitu ambacho hakijapotea.

Aliyemchukia kwa hilo ni Mzee Alute. Huyu alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe kwa miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa ikifika kabla ya vumbi la ng'ombe. Emilian alipokuwa na miaka kumi na tisa, nje ya kanisa baada ya misa ya Pasaka, mzee alisimama mbele yake akingoja salamu. Emilian akahangaika, akashindwa, akageuka akaondoka. Mzee akatangaza kwa sauti ileile ya mnada: "Mtoto wa Luciana hana adabu!" Luciana ni mama yake Emilian, na alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo.

Sasa Emilian ana miaka thelathini na minane. Muda wote huo, baiskeli ya Mzee Alute ikiharibika, mwenyewe huisukuma kupita mbele ya kibanda mpaka mjini, hata kama ni mnyororo tu. Nimemwona kwa macho yangu, mzee wa miaka sabini na nne, akisukuma baiskeli yenye pancha juani kwa sababu ya salamu, na sikujua nimcheke yeye au fundi aliyejificha chini ya meza.

Basi Emilian huyuhuyu ndiye aliyeamua kutengeneza filamu. Aliona kwenye simu jinsi wenzake wanavyofanya: unatengeneza sanamu ndogo, unaipiga picha, unaisogeza kidogo tu, unaipiga tena, na picha zikipitishwa haraka sanamu inatembea. Udongo ulipasuka. Akajaribu nta ya nyuki, ikakubali. Mifupa aliitengeneza kwa spoku. Alifanya kazi asubuhi tu, maana jua likipanda nta hulegea, na pua ya Inspekta, sanamu yake kuu, ilikuwa ikianza kuteremkia kwenye ndevu.

Hadithi yenyewe ni ya upelelezi. Mizinga saba ya nyuki imeibwa, na Inspekta anapita nyumba kwa nyumba akihoji, mpaka anafika kwa mzee mmoja anayejua kila kitu na hataki kusema. Inspekta alikuwa na midomo kumi na miwili ya kubandika na kubandua, ambayo ilihifadhiwa ndani ya kiberiti. Kazi ilichukua miaka miwili, picha elfu tano na mia saba na ushei, kwa filamu ya dakika nane. Nilimwambia kwa muda huo angekuwa ameoa na kupata mtoto. Akabandua mdomo mmoja, akabandika mwingine.

Wanaoijua kazi hiyo, nimekuja kuambiwa, hurekodi sauti kwanza, ndipo hupiga picha za midomo kuifuata sauti. Emilian hakuambiwa na mtu. Alimaliza picha zote, kisha akatundika kipande cha boksi kibandani: NATAFUTA SAUTI. SURA HAIHITAJIKI.

Nilikuwa wa kwanza kujitokeza. Nilisoma maneno ya mke wa mwenye mizinga, na Emilian akaniandikia kwenye daftari: "Dada Siku, huyu mama analilia mizinga, hagombani na mpangaji." Nilinuna wiki nzima. Akakosa mwingine, akanipa nafasi, nikaacha kununa.

Tabu ilikuwa Inspekta. Walikuja watu saba, na aliyekuwa bora ni Calist, msomaji wa masomo kanisani, ingawa kila alipomaliza sentensi nilitaka kuitikia kama niko misani. Wote saba walianguka mahali palepale. Wakifika mlangoni kwa yule mzee, walisema "Shikamoo mzee," wakati kwenye karatasi neno hilo halipo. Emilian akawa anagonga karatasi kwa kidole.

"Najua halipo," Calist akasema. "Lakini siwezi kuingia kwa mzee nikaanza na 'Jumanne ulikuwa wapi?' Mama yangu akiisikia hiyo filamu nitamwambia nini?"

Hata walipoliruka hilo neno, mdomo wa Inspekta haukulingana na mtu yeyote. Msomaji alimaliza sentensi, Inspekta bado ameachama.

Calist akaenda kunywa maji, na Emilian akaiacha filamu ipite bila sauti. Inspekta akasimama mlangoni. Mdomo ukafunguka, ukakaa. Kidevu kikatetemeka. Mdomo huo nilikuwa nimeutazama miaka kumi na moja, ng'ambo ya meza yangu.

"Emilian," nikasema, "huyu Inspekta ana kigugumizi."

Emilian alikitazama kioo cha pikipiki kilichotundikwa ukutani. Ndicho alichokuwa akijitazamia wakati wa kuunda midomo, huku akijinong'onezea maneno. Hakuwa amejua. Alikuwa ametaka kuumba mtu mmoja tu asiyekwama, akamfutia hata lile neno lililomshinda yeye, na bado mtu huyo alitoka na ulimi wa muumba wake. Aliokota midomo mmoja mmoja, akairudisha kwenye kiberiti, akafunga kibanda saa nne asubuhi. Siku tatu hakufungua. Nilijutia ulimi wangu, na si kawaida yangu kuujutia.

Siku ya nne akaja na daftari. Alikuwa ameandika: "Inspekta nitamsema mwenyewe. Bado sauti ya mzee." Hakuandika ni mzee gani. Hapa kwetu hakuna sauti mbili za namna hiyo.

Nilitangulia mimi kwenda kumwombea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

Nikaeleza yote. Mzee Alute akanisikiliza mpaka mwisho.

"Anataka sauti yangu," akasema. "Yake mbona ameninyima miaka yote hii?"

"Mzee, unajua ana kigugumizi."

"Kigugumizi nakijua, hata kaka yangu alikuwa nacho. Kukimbia ndiko nisikokujua. Aje mwenyewe, anisalimie."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Mzee alikuwa kibarazani akisuka kamba ya kitanda, na hakuinua kichwa. Emilian akasimama mbele yake, simu mkononi.

"Shi..."

Mdomo ukafunguka, ukakaa. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, ningelimalizia kwa pumzi moja, lakini nikajizuia. Mzee aliendelea kusuka. Emilian akajaribu tena, akakwama tena, na nikaona bega lake likianza kugeukia njiani, kama ile Pasaka. Hapo nikamnyang'anya simu.

"Mzee, tazama hiki kwanza," nikasema, nikamwekea pale Inspekta anapofika mlangoni.

Mzee aliishika simu mbali na uso. Akatazama. Akaniambia nirudishe, akatazama tena. Mara ya tatu alimwacha Inspekta, akamtazama Emilian.

"Huyu naye anakimbia?" akaniuliza, akimaanisha yule wa nta.

"Hakimbii, mzee. Anasimama hapohapo mpaka aseme."

Mzee akaiweka simu chini, na kamba nayo akaiweka chini. Mikono akaituliza magotini.

"Endelea," akamwambia Emilian. "Leo sina mnada."

Sijui ilichukua muda gani. Kuku walipita, wakarudi. Shati la Emilian lililowa mgongoni. Kisha neno likatoka zima, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mlango uliokuwa umekwama ukifunguka ghafla.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Alute akasema, kisha akaniomba miwani yake iliyokuwa ndani ili asome karatasi.

Alitoa sharti moja tu, kwamba Inspekta asalimie. Emilian akarudi kwenye nta asubuhi kumi na mbili mfululizo kupiga picha za salamu peke yake, na ilipokamilika ilikuwa ya sekunde ishirini na mbili. Walirekodi chumbani kwa Luciana, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Mtu ambaye maisha yake yote hakuacha sekunde moja ipite bila kuijaza bei ya ng'ombe, alikaa kimya sekunde zote ishirini na mbili akimngoja Inspekta amalize. Baiskeli yake siku hizi inatengenezwa kwetu. Analalamikia breki kila mara, na Emilian anamsikiliza akiwa amesimama wima.

Filamu ilionyeshwa ukumbini baada ya mavuno, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa khanga zetu. Watu waliicheka pua ya Inspekta. Walinicheka na mimi, wakisema nimegomba. Inspekta alipofika mlangoni wachache wakaanza kucheka tena, kisha wakaacha, maana aliendelea kukwama na hakuondoka. Nilikuwa nimekaa na Luciana, hatua tatu kutoka kwenye spika. Hatimaye salamu ikatoka, na sauti ileile iliyomtangaza mwanawe nje ya kanisa ikajaa ukumbi: "Marahaba, mwanangu." Kwenye karatasi "mwanangu" haikuwapo.

Luciana aligeuka nyuma kuwatazama watu, safu kwa safu, mpaka ya mwisho.

"Mmesikia?" akasema. "Amesalimia."