Vizibo vya Mama Hyewon

Soko zima la dagaa wakavu la Tongyeong lilimjua Tak Chunja kwa mdomo wake. Si kwamba ulikuwa mzuri, ila haukufungwa. Akicheka unaona mpaka nyuma kabisa, vizibo vyake vinne vyeusi vya madini, vya kuziba meno yaliyotoboka, vimekaa kwenye magego, naye anaona fahari kana kwamba amezaliwa navyo.

Jirani yake wa meza ya pili, Mama Gilsu, alipobadilisha vizibo akawekewa vya rangi ya jino, Chunja hakumpa nafasi ya kupumua. Alimwambia mbele ya wateja kuwa ameweka plastiki ya bakuli mdomoni, asinywe supu ya moto isije ikayeyuka. Akamwita Bibi Bakuli. Jina likashika, na Mama Gilsu akalibeba miaka mingi akiwa amenuna.

Kisha Hyewon, binti pekee wa Chunja, akapata mchumba wa Seoul, ikapangwa siku ya wazazi wa pande mbili kukutana mezani. Ghafla bibi fahari akaanza kujichungulia kwenye kioo. Mama wa kijana, alivyosikia, alikuwa mke wa hakimu. Akiuona weusi ule atasema mwanawe anaoa kwa washamba, na Hyewon atadharauliwa maisha yake yote. Basi Chunja huyo, akapanda basi hadi Jinju, mji ambao hakuna anayemjua, huku amemwambia mumewe anakwenda mazishini.

Daktari wa meno wa huko alimwambia kidogo tu angechelewa. Vizibo viwili vilikuwa vimepasuka ukingoni, na chini yake jino linaoza kimyakimya. Alivichimbua vyote vinne, akasafisha uozo, akakausha, akapaka dawa nyeupe laini tabaka kwa tabaka, kila tabaka akiligandisha kwa taa ya bluu. Chunja alipopewa kioo akakunja uso, akauliza mbona havionekani. Daktari akajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Yaani, aliwaza Chunja, mtu ateseke asubuhi nzima mdomo wazi, halafu hana hata cha kuringia.

Hakukubali, lazima meno yake mapya yaonekane. Siku ya kukutana alicheka kila kitu, hata baba wa kijana alipotaja mvua. Mama wa kijana, Bibi Noh, alitabasamu midomo imefungwa, na akisema neno anaweka kiganja mdomoni. Chunja akaungua moyoni. Mwanamke huyu anatudharau, aliwaza, mpaka meno anatunyima. Hyewon alikuwa ameinamia bakuli lake la wali, machozi ya aibu yanamlengalenga.

Ndipo Bibi Noh alipouma gegedu la mbavu, akasita, akatema kwenye kitambaa. Kipande cheusi cha kizibo kikadondoka mezani. Kila mtu akaangalia sahani yake. Bibi Noh akaiva uso, akaanza kutafuta mkoba wake ili aondoke.

Chunja alikuwa na mzaha tayari kwenye ncha ya ulimi, tena mtamu. Akamtazama binti yake, akaumeza, na kuumeza kulimuuma kuliko sindano ya daktari.

"Keti, mkwe," alisema. "Mimi nilikuwa navyo vinne, vyeusi kama makaa. Nimevitoa juzi tu, nikamdanganya mume wangu nakwenda mazishini. Hebu tazama."

Akaachama. Bibi Noh akainama, akachungulia kwa muda mrefu.

"Mbona sioni kitu, mkwe?"

"Ndiyo kazi yake."

Bibi Noh akacheka, mkono umebaki mezani, na weusi wake wote ukaonekana. Tarehe ya harusi ilipatikana kabla matunda hayajaletwa.

Lakini mume wa Chunja, mzee Pyo, aliyekuwa pale mezani akisikia yote, ni mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni hata usiku mmoja. Kesho yake Chunja alipofika sokoni, meza zote zilikuwa zimeshapata habari. Mama Gilsu alikuwa anachambua dagaa taratibu, wala hakuinua kichwa.

"Mama Hyewon, pole na msiba," alisema. "Hebu fungua mdomo tulione bakuli."

Chunja akaweka kiganja mdomoni.