Viti vya Kukunja vya Hiram

Tangu babake azikwe, Edah aliishi Kitale kwa Hiram, ndugu mdogo wa marehemu, mwenye karakana ya kuchomelea mageti. Hiram ndiye aliyemsomesha mpaka kidato cha nne, akaahidi kumpeleka chuo cha ualimu. Halafu, mwaka wa 2004, akabuni kiti cha kukunja: miguu ya bomba jembamba, kikalio cha turubai, na mkanda wa kukining'iniza begani.

"Zunguka nacho kwanza," alimwambia. "Uliza watu kama watanunua. Ukileta habari njema, chuo hicho hapo."

Edah angesema nini? Aliyemtuma ndiye aliyemlea.

Huko Endebess wakulima walikinyanyua, wakasifu wepesi wake, lakini walipokikalia miguu ilizama topeni. Mjini Bungoma, Barasa, mkodishaji wa mahema na viti, alicheka.

"Mtu akikuja matanga na kiti yake, si ni kama anasema wenyewe hawana?"

Sokoni Sirisia, Nabwile, mama mnene aliyeuza vitunguu, alikubali kukijaribu. Turubai likabonyea, magoti yakamfika kifuani. Alitaka kuinuka, asiweze. Mkono mmoja umeshika gauni lisipande, wa pili unatafuta pa kushika. Wenzake wakaangua kicheko. Edah alimvuta kwa nguvu zake zote, na alipoinuka, kiti kiliinuka naye, kimemng'ang'ania nyuma.

"Mwambie mwenye alikutuma," Nabwile alisema akihema, "hii ni kiti ya watu wa suruali."

Alipofika nyumbani, Hiram alikuwa akinywa chai uani na mafundi wake wawili, Tonny na Wanyonyi. Wote wakamgeukia.

"Wanasemaje?"

"Wamependa vile ni rahisi kubeba, Baba."

Haukuwa uongo. Alikusudia kuendelea, lakini Hiram alishapiga makofi. "Si niliwaambia!" Mafundi wakacheka kwa furaha, na Edah akameza yaliyobaki.

Kesho yake mageti yaliwekwa kando, ikawa ni viti tu. Karakana ilipojaa, vikarundikwa chumbani kwa Edah mpaka vikaziba dirisha. Akalala kwenye harufu ya rangi mbichi, akiwasikia mafundi wakigonga mabomba, na kila kiti kilicholetwa kilimfanya ashindwe zaidi kusema.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa, alijikaza akaeleza yote: tope, matanga, Nabwile.

Hiram aliweka nyundo chini. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umefurahi, Baba."

"Na sasa chuo utaenda na nini? Pesa yote si ndiyo hiyo iko chumbani kwako?"

Hakufoka. Angefoka, huenda Edah naye angekasirika, na hasira ingempa miguu ya kutoka pale. Lakini mzee alisema kwa upole, kama anayeomba: "Wewe ndiye unajua hao watu, mwanangu. Utavizungusha."

Siku wenzake waliporipoti chuoni, Edah alikuwa soko la Chwele, viti vinne mabegani, mikanda ikimkata. Mwanamume mmoja wa suruali alikaa, akanyoosha miguu, akajipepea kwa kofia.

"Hii kiti ni nzuri, bana," akasema. Akaketi mpaka jua likampata, kisha akainuka, akavaa kofia yake, akaenda zake.