Bango la Shahada ya Awali

Neno lilikuwa langu, sikatai. Mratibu wa shahada ya hisabati, mama mmoja mpole kuliko inavyofaa, aliniandikia tangazo kwa Kiingereza na kuniambia nilitafutie Kiswahili, kisha nilipeleke kwa mchora mabango Makambako. Mimi ni mhudumu wa ofisi yake huku Njombe: nafagia, natoa kopi, napokea simu. Nimeishia kidato cha nne, na kwenye hisabati nilipata F. Nikafungua kamusi ya ofisini, nikaandika: Shahada ya Awali ya Hisabati.

Mchora mabango alisema maneno ni mengi, herufi kubwa tuliachie neno linalovuta watu. Mwanangu alikuwa ananililia miguuni na gari la kurudi Njombe lilikuwa linajaza. Nikamwambia afanye anavyojua. Akafanya. AWALI ilikaa katikati, nyekundu, unaisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. HISABATI ikafuata kwa bluu. "Shahada ya" ikabanwa kwenye kona. Chini kabisa: Jumamosi, ukumbi wa kanisa, njooni na vyeti. Likatundikwa sokoni.

Ninyi msioijua hali ya kozi ile mwaka huo mtacheka tu. Sisi hatukuwa na cha kucheka. Wakubwa wa chuo walishatamka kwamba wasipofika waombaji kumi na tano, mwaka wa kwanza haufunguliwi. Dirisha la maombi lilikuwa limebakiza wiki moja na tulikuwa na tisa. Tulikuwa tumezunguka shule mpaka Ludewa, mratibu anaeleza mpaka sauti inakauka, na kila mahali tunakutana na swali moja: mtu akisoma hesabu tupu, anakuwa nani? Mratibu anajibu kwa upole, tena na tena. Mimi nakaa pembeni na mwanangu, nimefura.

Jumamosi tulifika Makambako na ukungu bado haujainuka. Nje ya ukumbi palikuwa na watu. Nikafurahi, kisha nikawaona vizuri. Kila mzazi ameshika mkono wa mtoto wa miaka mitano aliyevishwa sweta mpaka puani. Vyeti walivyoleta ni kadi za kliniki.

"Kamwene," mama mmoja akanisalimia Kibena. "Tumeleta watoto wa awali. Tunasikia hapa wanaanzishiwa na hesabu kabisa."

Nikaelewa, na damu ikanipanda. Niliwakasirikia wao, nikamkasirikia mchora mabango, na zaidi nilijikasirikia mimi, maana mwanangu mwenyewe mwakani anaingia awali na neno lile nilishindwa kuliona. Nikawauliza, kwa sauti ambayo sijivunii, kama hawakuona pameandikwa shahada.

"Tuliiona, dada," akasema baba mmoja. "Si ndiyo ile wanayopewa wakimaliza, wanavalishwa majoho wanapigwa picha? Tukasema hii awali ni ya maana."

Nikageuka kumwomba mratibu msamaha. Alikuwa amevua miwani anafuta machozi ya kicheko. Nilipomwambia naenda kuwarudisha, kicheko kikakoma. Akasema watu wametoka na watoto kwenye baridi ile kwa sababu wameona neno hisabati, na hakuna anayerudi nyumbani.

Watoto walikuwa kumi na wanane. Aliwapeleka kwenye baraza jembamba la ukumbi, akawaambia leo wao ni miche ya maparachichi. Akawapanga wawili wawili, mstari nyuma ya mstari, hatua moja kati ya mche na mche, kama wote tunavyopanda. Baraza likajaa. Wawili wakabaki mlangoni, mmoja anaanza kulia. Mratibu akawauliza wazazi, bila kuipunguza ile hatua moja, hawa nao waingie wapi. Yule baba wa majoho akasema shamba limekwisha, labda wakapandwe kwa jirani.

Mratibu akausogeza mstari wa pili nusu hatua pembeni, kila mtoto akawa anatazama pengo lililo mbele yake, kisha akawavuta mbele kidogo. Akaenda hivyo mstari kwa mstari, mmoja unasogezwa pembeni, unaofuata unabaki, yote inavutwa mbele, anapima kwa mguu wake. Alipofika mwisho palikuwa na nafasi ya mstari mmoja zaidi. Wale wawili wakaingia. Hakuna aliyekuwa karibu na mwenzake kuliko mwanzo.

Baba wa majoho akashuka barazani, akapima kwa miguu yake, akarudia. Halafu akaomba kalamu auchore mpangilio ule. Hapo ndipo mratibu akawaambia kazi hii ndiyo tunayofundisha, na wanaoisoma ni kaka na dada za hawa watoto. Nani nyumbani ana aliyemaliza kidato cha sita na hesabu anaziweza?

Mikono haikuwa mingi, lakini ilikuwepo. Yule mama aliyenisalimia, muuza viazi mwenye asili ya kule Mdandu, alisema binti yake ana A. Hajaomba popote, baba yake anasema hesabu ni kozi ya waliokosa kozi. Nikamwambia ampigie mumewe. Akapiga, akanipa simu yeye mwenyewe, nadhani kwa kuchoka.

"Shikamoo baba," nikasema. "Mimi nilipata F. Nafagia ofisi ya mwanamke aliyepata A. Binti yako ana A. Unataka aje tufagie wote?"



"Marahaba," akasema, kama vile hayo mengine sikuyasema. Kisha: "Mwambie mama yake aulize vyeti vinavyotakiwa ni vipi."

Mratibu alisikia yote. Nilitegemea anionye. Alivuta kiti karibu na kompyuta ndogo aliyokuja nayo, akaniambia kuanzia leo simu za wazazi wagumu ni zangu. Nimefanya kazi sehemu nyingine kabla ya pale, nimefokewa kwa makosa madogo kuliko bango lile. Huyu hakunikumbusha hata siku moja. Namshukuru, na nawashukuru wale wazazi niliowafokea, maana walirudi mchana uleule, wengine wakaja Njombe Jumatatu yake, safari hii na watoto wao wakubwa. Nilijaza fomu zao mwenyewe kwenye kompyuta ile, kwa vidole viwili, mwanangu akilala chini ya meza.

Dirisha lilipofungwa waombaji walikuwa kumi na saba.

Siku ya kwanza ya masomo nilibandika majina mlangoni, nikayahesabu kwa kidole mara mbili. Binti wa muuza viazi alikuwa amefika kabla ya wote, amesimama na daftari, anaogopa kuingia. Nikamfungulia mlango, nikamwonyesha kiti cha mbele.