Nilitoa meza katikati ya sebule, majirani wakaja kunipa pole

Wakuu, salamu kwenu nyote, hasa nyinyi mnaoshinda humu mkituringia na picha za sebule zenu.

Hii yangu haina picha. Ni ukweli mtupu, na nikiiandika bado naogopa.

Mimi ni mtu wa Kehancha, nimeolewa na Mjaluo, na tunakaa nyumba ya kupanga Ndhiwa. Sebule ni ndogo, lakini bwana yangu alinunua sofa seti utadhani tuna jumba. Katikati palikuwa na meza nzito ya mbao yenye kona kali.

Binti yetu Imani ameanza kutambaa kwa fujo. Hiyo meza ilikuwa imeshamtoa nundu kwenye paji la uso.

Basi nikaona video ya dada mmoja wa mambo ya interior design. Anasema siri ya chumba kidogo ni kuacha space katikati. Sukuma kila kitu ukutani, weka rangi nyeupe, chumba kitapumua.

Baba Imani alikuwa ameondoka asubuhi na pikipiki kwenda Sori, kule ziwani, kuchukua omena, wale dagaa wadogo. Nikajiambia leo ni leo.

Nikapima kwa tepu. Viti vyote nikavisukuma ukutani, vikawa vinatazamana. Meza nikaiburuta mpaka nje kwa baraza, mgongo ukalia. Pazia jeupe juu, TV nikaifunika shuka nyeupe isiingie vumbi. Nikasimama mlangoni nikajipongeza mwenyewe. Layout ilikuwa safi, siwadanganyi.

Mama mkwe akafika na mboga zake. Kwa kawaida huyo mama hodi yake husikika akiwa bado barabarani. Siku hiyo alifika mlangoni akaziacha mboga chini.

"Nyar Kehancha," akaita polepole. Ndivyo anavyoniita, binti wa Kehancha. "Mnangoja maiti ya nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake.

Yeye hakucheka. Aliweka mikono kichwani.

"Hivi ndio tulipanga nyumba siku tulingoja gari ya mochari ilete baba ya bwana yako. Meza nje. Viti kwa ukuta. Hapo katikati tukaachia sanduku. Mtoto wangu ako wapi?"

"Ameenda Sori, mama."

"Mpigie."

Nikapiga, hapatikani. Mteja.

Nikapiga tena. Mteja.

Wakuu, mimi si mtu wa kuamini ishara. Lakini niliigeukia ile sebule yangu, na sasa niliona alichokiona yeye. Ile nafasi katikati ilikuwa inatosha sanduku kabisa. Barabara ya Sori naijua, na breki za pikipiki yake nazijua.

Nilitaka kurudisha meza, lakini mama alishaanza kulia kwa sauti.

Sasa, kwa wale msiojua huku kwetu: ukisikia kilio kwa jirani, huendi kuuliza maswali. Unaingia, unakaa, unalia naye. Mengine utaambiwa.

Jirani wa kwanza akaona meza nje, akaona mama na mikono kichwani. Akaingia akaketi. Wa pili akaja na leso mabegani. Haikuchukua muda viti vyangu vyote vikajaa wamama, migongo ukutani, macho yote pale katikati.

"Hakuna mtu amekufa!" nikawaambia. "Nilikuwa napanga nyumba tu!"

Walinitazama kwa huruma. Mmoja akanishika bega. "Lia tu, nyar Kehancha. Usijikaze."

Mwingine akaninong'oneza, "Wanamleta saa ngapi?"

Hapo nikavunjika. Nikalia kweli, simu mkononi bado inaniambia mteja hapatikani. Na kulia kwangu ndiko kukawathibitishia.

Ndipo nikasikia pikipiki.

Baba Imani, mzima kabisa, simu imeisha chaji. Lakini hebu fikirieni alichokiona yeye: meza nje, wamama ndani, mama yake analia, mke wake analia. Yeye ndiye mzima, kwa hiyo akahesabu nani amebaki.

Aliiachia pikipiki ikaanguka na gunia la omena likapasuka.

"Imani!"

Sauti ile sijawahi kuisikia kwa mume wangu, na sitaki kuisikia tena.

Imani akatoka nyuma ya miguu ya wamama, akatambaa katikati ya ile space hadi mlangoni, anacheka. Babake alimkumbatia akaketi chini hapo hapo kizingitini. Hakuingia.

Mama mkwe alijifuta machozi, akaenda kwa baraza, akashika kona moja ya meza. "Shikeni huko," akawaambia wenzake. Wakairudisha kabla mtu yeyote hajasalimia mwingine.

Iko hapo mpaka leo. Kona nimezifunga na sponji ya godoro kuukuu. Si mbaya sana.

Nilichojifunza ni hiki: video inajua vipimo, lakini haijui watu wanaoingia kwako waliwahi kuzika nani. Uliza watu wa nyumbani kabla ya kusukuma viti.

Na Baba Imani siku hizi akifika getini huita jina la mtoto kwanza. Hashuki kwenye pikipiki mpaka nimwitikie.

Haya wakuu, kwenu mnaweka nini katikati ya sebule? Msinicheke sana.