Kaburi la Kuazima

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikipiga picha za kanisa kwa simu kwenye misheni ya zamani ya Ushirombo, ndipo akafika mama mmoja na mwanawe na wajukuu wawili. Walitoka Rwamgasa. Mwanawe alitaka watoto waone mahali bibi yao alipobatizwa.

Walisali kanisani, kisha mlinzi akawapeleka kwenye makaburi ya wamisionari wa kwanza. Pale yule mama akasimama, akavua kandambili.

"Shikamoo, baba," alimwambia mlinzi.

"Marahaba, mama."

"Mume wangu alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Walichimba siku tisa, hawakumpata. Sina kaburi lake. Naruhusiwa kumwombea hapa, kwenye makaburi ya watu?"

Mwanawe akamshika mkono. "Mama, twende. Hawa ni mapadri."

Mlinzi, mzee wa umri wa babu, akavua kofia yake ya sufu. "Mwache," alisema taratibu. "Hata hawa walikuwa na mama zao huko mbali, na wale mama hawakuyaona makaburi haya. Nadhani nao walilia kwenye makaburi ya watu wengine."

Yule mama akapiga magoti, akalitaja jina la mumewe mara tatu. Mwanawe alisitasita, kisha naye akapiga magoti, akamlilia baba yake mbele ya watoto. Nikaiweka simu mfukoni.

Wengi wetu tukifika mahali kama pale tunauliza jengo lina miaka mingapi. Yule mama aliuliza kama kuna nafasi, akaambiwa ipo.