Nafasi ya Thandeka

Harufu ya kahawa kali na ya nywele zinazopigwa pasi: hiyo ndiyo Disemba niliyokuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa South Beach, orofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia. Chini kabisa mama yangu alikuwa na saluni ya viti vitatu na redio moja, na juu yetu, orofa ya saba, alikaa mzee wa Kiswidi aliyekunywa kahawa kutwa nzima kana kwamba joto la Durban halimhusu. Jengo zima lilimwita Muzee Gunnar. Shule zilipofungwa, mama alichoka kunikuta nikizurura katikati ya miguu ya wateja. "Solange, panda kwa Muzee akufundishe piano," aliniambia. "Hapa uko unanichanganya kichwa tu."

Mlangoni kwa Muzee ulivua viatu, hata uwe umevaa ndala, hata uwe askofu. Piano yake ilikuwa nyeusi, imepauka upande wa dirishani kwa chumvi ya bahari, na vibonye viwili vya mwisho vilikuwa bubu. Kati ya zoezi na zoezi alinisimulia maisha yake kwa Kiingereza cha polepole kilichopanda na kushuka kama ngazi. Alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini ambako baba yake alipiga kinanda cha kanisani, na wakati wa baridi jua lilichungulia tu na kujiendea zake. Ujanani akasikia jazi redioni, akakikimbia kinanda cha baba, akaenda kupiga piano katika vilabu vya Stockholm. Huko akakutana na Thandeka, mwimbaji wa Kizulu aliyekuwa uhamishoni. Walifanya muziki pamoja miaka mingi, na Thandeka aliporuhusiwa kurudi kwao, Gunnar naye "akarudi". Ndilo neno alilotumia, ingawa alikuwa hajawahi kukanyaga Durban. Mama yangu alimsuka Thandeka nywele mpaka ugonjwa ulipozimaliza. Tangu mazishi, Muzee hakupiga tena mbele ya watu. Mikahawa ilimwita, akakataa.

Kulikuwa na wimbo mmoja aliopiga kila asubuhi, wa polepole, wenye sauti chache, na katikati yake aliacha mapengo marefu ya kimya. Mimi mapengo yale yalinikera. Siku moja nikanyoosha kidole nikaziba moja. Muzee akauinua mkono wangu taratibu, kama mtu anayetoa mdudu kwenye chakula. "Hapo pana mtu," akasema. Nikageuka kutazama chumba kizima kabla ya kuelewa kwamba ndipo Thandeka alipokuwa akiimba. Niliona haya. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto, nilimwonea pia wivu marehemu kwa kupewa sehemu nzuri kuliko zote.

Wiki moja kabla ya Krismasi, mpiga kinanda wa kanisa letu alihamia Cape Town. Tantine Béatrice, kiongozi wa kwaya, akaja saluni ameshika kichwa, nami nikaropoka, "Muzee Gunnar atapiga!" Mama akanikata jicho. Nilipanda orofa ya saba mara tatu kumbembeleza Muzee, mara ya tatu kwa machozi ambayo hayakuwa ya kweli yote. Mwishowe akasema, "Wimbo mmoja. Peke yangu. Na nikishindwa, Solange, usiniombe tena kamwe." Nikashuka ngazi nikijua kwamba akiaibika, hatawapigia watu tena mpaka kufa, na kosa litakuwa langu.

Kanisa letu lilikuwa ukumbi juu ya duka la simu, na sisi Wakongo wa pale tulikuwa na desturi yetu. Mtu akisimama kuimba na sauti ikamkatikia, hatukungoja aibu imfikie. Aliye karibu aliudaka wimbo, wengine wakapiga makofi, tukambeba mpaka akumbuke. Nilikuwa nimelizoea jambo hilo mno hata sikufikiria kumwonya Muzee. Asubuhi ya Krismasi alivua viatu kando ya kinanda, watoto wakacheka, akaanza wimbo wake wa kila siku. Kisha likaja pengo la kwanza. Kimya. Feni ilisikika. Nyuma yangu Tantine Béatrice akasema, "Eish, masikini, Muzee amesahau! Mumubebe, bamama!" Na mama yangu mzazi, ambaye hata kwenye kwaya hakuwamo, akafungua kinywa akaimba bila maneno, pale pale, ndani ya nafasi ya Thandeka. Kina mama wote wakamfuata kwa makofi.

Nilitaka kuingia chini ya kiti. Mikono ya Muzee ilibaki hewani, shingo imemwiva. Alimtazama mama. Halafu akapiga, taratibu, akimfuata yeye. Lilipofika pengo la pili aliweka mikono magotini na kungoja, muda mrefu kuliko alivyowahi kungoja nyumbani, nao wakalijaza lote.

Baadaye alishuka ngazi kwa soksi tu; mimi ndiye niliyemkimbilia na viatu. "Walidhani umesahau," nikamwambia, nikitaka kuwaombea radhi. "Thandeka pia, siku ya kwanza kule Stockholm," akajibu, huku machozi yakimtiririka na akicheka. "Ndivyo alivyoanza kuimba na mimi. Ila siku ile nilikuwa nimesahau kweli."

Alitupigia kila Jumapili kwa miaka minne, hadi alipofariki. Siku hizi kanisa lina spika kubwa kiasi kwamba kimya hakina pa kukaa, na mimi hupiga piano katika mkahawa mmoja wa Morningside, Jumapili mchana. Huupiga wimbo wake na kuyaacha mapengo yake. Wateja hutulia, wimbo ukiisha hupiga makofi ya adabu. Ni watu wazuri, lakini hakuna anayedhani nimekwama, na jambo hilo huniachia upweke nisioweza kumweleza mtu. Jumapili iliyopita nilimleta mama, ambaye magoti yake sasa hayataki ngazi. Lilipofika pengo la kwanza aliweka uma chini, akanitazama kwa huruma, akaimba. Mkahawa mzima uligeuka. Nikaweka mikono magotini, nikamngoja amalize.