Mtu Anayeruka Ukuta

Yesu wetu alikuwa wa manjano, rangi ya ndizi iliyoiva, amewambwa msalabani katikati ya shamba. Nyuma yake kulikuwa na miti myekundu ambayo sijaiona popote, na mimi nimetembea. Chini ya msalaba, wanawake watatu wenye vitambaa vyeupe vichwani wameketi duara, kimya. Na mbali kidogo, kama hupeleki jicho huko humwoni, mwanamume mmoja anaruka ukuta wa mawe.

Mama alikuja na picha hiyo kutoka mashamba ya chai ya Kericho, alikokuwa yaya. Bibi wa nyumba alikuwa Mfaransa, na alipofunga mizigo kurudi kwao alimpa, akamwambia ni kazi ya mchoraji wa kwao, si wa zamani sana. Mama hakuuliza zaidi. Alisema mtu aliyening'inia juani tangu asubuhi hawezi kuwa na mashavu mekundu kama yule Yesu wa kanisani kwetu.

Baba aliichukia siku hiyo hiyo. Alikuwa fundi wa cherehani, na tuliishi nyuma ya duka lake pale Kipkelion. "Mzungu hampi mtu kitu bure," alisema. "Na huyu si Yesu. Huyu ana homa ya manjano." Mimi nimerithi kwake mikono mifupi na tabia ya kushuku, kwa hiyo nami niliitazama picha ile kwa pembe ya jicho.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya Mwingereza ikiwasaka waasi wa msituni. Sisi ni Wakikuyu, na Wakikuyu wa huku walikuwa wanapakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, ambako sisi hatukuwa na shamba wala mtu wa kutupokea. Neno moja lilitosha. Wakikuyu watatu wakiketi duara, tayari wanakula kiapo cha waasi, hata kama wanamenya viazi. Mama alikuwa ameacha hata kuwakaribisha akina mama wa sala nyumbani. Lakini duara lile la ukutani, lililotazamana na mlango, alikataa kuliondoa.

"Mama watoto, toa hiyo kitu."

"Siwezi kufukuza Yesu kwa sababu ya homguadi."

Alasiri moja koplo wa hao homguadi, askari wa serikali wa mitaani, akaingia. Alikuwa Mkipsigis wa hapo hapo, na suruali aliyovaa alishonewa na baba, lakini hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye picha. Mtu asiyejua nyumba hutazama kwanza meza, viti, watu. Huyu alikuwa ameambiwa.

"Hii bicha ni ya nani?"

"Ya huyu mama," baba alijibu haraka. "Mimi hata sijui iliingia hapa namna gani."

Huyu mama. Hakusema bibi yangu. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia, na niliona mama amesikia.

"Hawa wamama wamekaa duara wanafanya nini?"

"Wanamlilia Yesu," mama alisema.

"Mbona hakuna machozi?"

"Yameisha."

Koplo akasogea karibu, akaweka kidole juu ya ule ukuta wa mawe. "Na huyu anaruka? Huyu anaenda wapi?"

 Huko nje ya picha, siku zile, mtu wa kuruka ukuta alikuwa na jina moja tu, na jina hilo lilitosha kutupandisha lori sisi sote. Mama hakumtazama koplo. Alimtazama baba, bila haraka.

"Huyo ni bwana ya mmoja wao," alisema. "Ameona askari."

Koplo alicheka mpaka akashika mlango. Akampiga baba begani, akamwambia, "Fundi, shona tu," na akamwagiza mama aondoe hiyo bicha hapo kabla mkubwa wake hajaiona. Lori lilipokuja liliwachukua wengine. Baba alirudi kwenye cherehani yake, na uzi ukamkatikia mara kwa mara.

Nani alipeleka habari? Nimewashuku majirani wote, na wengi wao sasa ni marehemu. Nimemshuku hata baba, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyetaka picha ile iondoke. Nilimpenda, na bado namshuku. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zetu zote alishona yeye.

Mama alitii amri, akaiondoa picha pale mkabala na mlango. Aliitundika chumbani, ukuta wa upande wa baba, juu kidogo ya mto wake. Baba hakuigusa. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa, alilala amegeukia upande wa mama.